Faini Kama Nauli ya Pili

Katika mwambao wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, mashariki ya Congo, kuanzia Makobola na Mboko hadi Baraka, Kazimia na vijiji vya rasi ya Ubwari, kuna hukumu inayotolewa kabla maiti hazijafika nchi kavu: boti imezama kwa sababu nahodha alikuwa mzembe na abiria walikuwa wakaidi. Hukumu hiyo hutamkwa na maofisa, hurudiwa redioni, hugusiwa katika mahubiri ya mazishi, na mwishowe hukubaliwa hata na ndugu za marehemu, ambao hawana nguvu ya kubishana na mtu anayewaambia kwamba mpendwa wao alipanda chombo kilichojaa huku akiona kuwa kimejaa. Kutokana na hukumu hiyo hutoka dawa, nayo ni ile ile kila mara: faini ziongezwe, safari za usiku zipigwe marufuku, kila abiria avae jaketi la kuokolea, ambalo mwambaoni huitwa jile, na nahodha atakayekaidi akamatwe. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dawa hiyo, kwa namna inavyotolewa katika teritwari ya Fizi na mji wa Baraka, haiugusi ugonjwa, na kwamba sehemu yake moja, yaani faini, imegeuka kuwa chakula cha ugonjwa wenyewe.

Hoja inayopingwa inastahili kusikilizwa kwanza, kwa kuwa haikujengwa juu ya upepo. Wanaoitetea hukumbusha kwamba mwezi Desemba 2014 meli iliyoitwa Mutambala, kwa jina la mto na la sekta mojawapo ya Fizi, ilizama katika Ziwa Tanganyika upande wa Katanga ya wakati ule na kuua watu zaidi ya 120, na kwamba mzigo uliopita kiasi ulitajwa pamoja na upepo. Hukumbusha pia kwamba tarehe 3 Oktoba 2024, katika Ziwa Kivu, chombo Merdi kilichotoka Minova kilizama mbele ya bandari ya Kituku mjini Goma kikiwa na watu 278 kwa hesabu iliyotolewa na gavana wa Kivu Kusini, ilhali nafasi yake ilikuwa ya watu 80 hivi. Anayebeba watu zaidi ya mara tatu ya uwezo wa chombo chake, wanasema, hawezi kujificha nyuma ya dhoruba. Wanaongeza kwamba ziwa lenye urefu wa kilomita 670 na kina kinachofika mita 1,470 halina ufuko wa karibu wa kumsamehe aliyekosea, na kwamba sheria isiyoambatana na adhabu hubaki kuwa ushauri wa mzee kwa vijana. Yote hayo ni kweli. Kasoro ya hoja hii iko pale inapoacha kuuliza: huona boti iliyojaa, ikamwona mtu aliyeushika usukani, ikafunga daftari.

Kwanza: mzembe wa kuazima

Picha ya msafiri wa majini ambaye usalama wake unategemea faini na kanuni za mwendo haikuchorwa Baraka. Ilichorwa katika nchi ambazo watu wengi huingia majini kwa starehe, wakiwa na boti zao wenyewe, siku ya mapumziko, na mara nyingi wakiwa na vinywaji. Nchini Marekani, kwa mfano, Walinzi wa Pwani hutoa kila mwaka takwimu za ajali za boti za starehe, na sababu zinazoongoza humo hazibadiliki sana: kutokuwa makini, kutochunga mbele, ukosefu wa uzoefu, mwendo wa kasi kupita kiasi, na pombe katika vifo. Katika mazingira hayo faini ina mantiki kamili, kwa sababu anayetozwa ndiye mwenye chombo, ndiye mwendeshaji, ndiye aliyechagua kutoka nyumbani, na hapati faida yoyote katika kosa lake ila msisimko. Akipunguza mwendo, hapotezi chochote. Akibaki nyumbani, hakuna anayelala na njaa.

Mwambao wa Fizi hauna mtu huyo. Abiria wa boti itokayo Kazimia kwenda Baraka ni mchuuzi wa ndagala, mwenye magunia ya makopa, mwalimu, mama anayempeleka mtoto hospitalini, au mkimbizi anayerudi kwao. Nahodha wake ni mfanyakazi wa mtu mwingine. Kumhubiria mmoja wao kuhusu mwendo wa kasi ni kichekesho, maana boti ya mbao iliyosheheni na kusukumwa na injini moja au mbili za kufungwa nyuma haina mwendo wa kuzidisha. Maradhi yake ni kujikokota, hata safari ya saa chache ikaburutwa mpaka giza na upepo vikaikuta katikati ya maji. Vyombo vinavyoweza kweli kuvunja kanuni ya mwendo katika ziwa hili ni boti za kasi za maofisa na za mashirika ya misaada, ambazo mawimbi yake huifikia mitumbwi ya wavuvi muda mrefu baada ya zenyewe kupita. Hao si watu ambao wapigania faini huwa wanawafikiria wanapotaja uzembe.

Pili: hesabu ya faini

Faini ni fedha anayotozwa mkosaji ili kosa lisimlipe. Ili ifanye kazi hiyo inahitaji masharti mawili: kwanza, iwe kubwa kuliko faida ya kosa, na pili, kosa likomeshwe pale pale linapogunduliwa. Katika fukwe nyingi za ziwa hili sharti la pili ndilo linalovunjwa, na likishavunjwa sharti la kwanza halina maana tena.

Chukuliwe boti ya kubuni yenye nafasi ya watu 50 na nauli ya faranga 10,000 kwa kila mmoja. Ikijaa kihalali, inaingiza faranga 500,000. Mafuta, ujira wa mabaharia na malipo ya ufukweni yakimeza 450,000, mwenye boti anabakiwa na 50,000. Boti hiyo inakutwa na watu 60 na kutozwa faini ya 100,000. Mtetezi wa faini anatazamia kwamba watu 10 watashuka. Lakini faini ikilipwa na boti ikaruhusiwa kuondoka, wale 10 wamekwisha kulipia faini yote kwa nauli zao, na katika safari ijayo mwenye boti, ambaye hesabu haimshindi, atapakia 70: 10 wa faini na 10 wa mfuko wake. Faini ikipandishwa hadi 200,000, kama inavyopendekezwa baada ya kila msiba, wanaohitajika kuilipia ni watu 20 na wa faida watapakiwa juu yao. Kila nyongeza ya adhabu inainunulia boti abiria wapya. Faini inayolipwa na chombo kikaondoka na mzigo ule ule ni tiketi ya kujaza, na anayeinunua si nahodha bali ni abiria, ambaye hulipa nauli mara mbili: moja ya kusafiri, na nyingine ya kuruhusiwa kusafiri katika hatari.

Watetezi wa faini hujibu kwamba ubaya huo ni wa utekelezaji na si wa kanuni. Jibu hilo lingekuwa na uzito kama utekelezaji ungekuwa ajali ya muda. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo yenyewe ilikiri zamani kwamba wingi wa wanaotoza ni tatizo: amri namba 036/2002 ya tarehe 28 Machi 2002 ilitaja idara nne tu zenye haki ya kufanya kazi mipakani, yaani forodha, Ofisi ya Congo ya Ukaguzi, uhamiaji, na idara ya afya ya mipakani. Zaidi ya miaka 20 baadaye, msafiri yeyote wa mashariki ya nchi anajua kwamba idara nne hazikubaki nne, na kwamba katika bandari na vizuizi vya barabarani kila meza ina jina lake, daftari lake na sababu yake. Taratibu za fedha za umma nazo ziko wazi: idara huthibitisha deni, mamlaka ya mapato yasiyo ya kodi, DGRAD, hutoa hati ya malipo, na fedha hulipwa benki. Faini inayotoka mkononi mwa nahodha na kuingia mkononi mwa mkaguzi juu ya mchanga, huku injini ikiunguruma, iko nje ya mlolongo huo wote, hata ikiandikiwa risiti.

Hapo ndipo penye mkanganyiko ambao wapigania faini hawapendi kuutazama. Mkaguzi ambaye mshahara wake haumtoshi, au hucheleweshwa, ana masilahi katika kosa. Boti isiyojaa haimletei chochote. Boti iliyojaa kidogo humletea kidogo. Boti iliyojaa vibaya humpa jioni njema. Kumwomba mtu huyo akomeshe ujazaji wa boti ni sawa na kumwomba mwenye duka la chumvi ahubiri dhidi ya chumvi. Hakuna haja ya kudhani kwamba ni mtu mwovu; inatosha kuona amewekwa mahali ambapo uadilifu wake unamgharimu kila siku na uzembe wake haumgharimu chochote mpaka siku chombo kinapozama, na siku hiyo, kama ilivyoelezwa, hukumu itakuwa imeshaelekezwa kwa nahodha.

Tatu: usiku unaosingiziwa

Marufuku ya safari za usiku ndiyo amri inayopendwa kuliko zote, kwa sababu haihitaji vifaa, haihitaji bajeti, na humfanya aliyeitangaza aonekane amechukua hatua. Inadhaniwa kwamba giza ndilo linaloua. Ila Merdi haikuzama gizani. Ilizama mchana, mbele ya macho ya watu waliokuwa bandarini wakiisubiri. MV Nyerere, kivuko kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kilikuwa na nafasi ya watu 101, kikaua zaidi ya 220, nacho kilipinduka mchana kikikaribia kutia nanga. Mambo mawili yanafanana katika misiba hiyo miwili: jua lilikuwa likiwaka na nchi kavu ilikuwa inaonekana. Chombo kilichozidiwa uzito hakisubiri magharibi ili kipinduke. Kinasubiri abiria wasimame wote upande mmoja ili washuke.

Inafaa kuongeza kwamba ziwa hili, kwa upande wa kazi, ni ziwa la usiku. Ndagala, samaki wadogo wanaolisha masoko ya mwambao, huvuliwa gizani kwa taa, kwa sababu mwanga ndio unaowavuta juu. Usiku wa mbalamwezi wavuvi hupumzika. Amri inayosema kwamba hakuna chombo majini baada ya magharibi, ikichukuliwa kama ilivyoandikwa, inaufuta uvuvi wote. Ikichukuliwa kwa hiari ya anayeisimamia, inakuwa tena jambo la kujadiliana, na msomaji anajua majadiliano ya ufukweni huishia wapi. Mabaharia wenyewe hawapimi safari kwa saa bali kwa upepo: katika kiangazi, upepo wa kusini unapolivuruga ziwa, kuna saa za mchana ambazo nahodha mwenye akili hatoki, na kuna saa za alfajiri, gizani bado, ambazo maji ni shwari. Kanuni inayomlazimisha asubiri jua inaweza kumlazimisha asubiri mawimbi.

Kuna sababu nyingine ambayo haitajwi sana inapozungumzwa habari ya usalama wa abiria. Marufuku ya usiku katika mwambao huu ina asili ya kivita. Usiku wa tarehe 23 kuamkia 24 Aprili 1965, Che Guevara na wenzake wachache walivuka kutoka Kigoma wakafika Kibamba, katika ardhi ya Fizi, na mwezi Novemba mwaka huo huo wakarudi kwa njia ile ile ya maji. Septemba 2017, wapiganaji wa muungano ulioongozwa na William Amuri Yakutumba waliushambulia mji wa Uvira, baadhi yao wakitokea ziwani kwa boti. Jeshi lina sababu zake za kutaka ziwa liwe tupu usiku, na sababu hizo zinaweza kuwa halali. Lakini doria inayotafuta bunduki haitafuti ubao uliopasuka. Huimulika boti, huona kwamba waliomo ni raia, na huiacha iende, au huitoza kwa kuvunja amri na kisha huiacha iende. Amri ya vita iliyovalishwa joho la usalama wa abiria hailindi abiria, na huharibu hata kazi yake ya kwanza, kwa kuwa kila mchuuzi mwaminifu hujifunza kujificha kama mwasi.

Gharama yake iliyofichika ni hii: nahodha anayetaka kukwepa amri haahirishi safari, bali huhamisha mahali pa kuanzia. Badala ya kuondoka bandarini Baraka, ambako angalau kuna watu wa kuona ni nani kapanda na chombo kinaelea vipi, huondokea kwenye kijiji kisicho na taa wala daftari wala mtu wa kutoa habari asubuhi kwamba chombo hakikufika.

Nne: jile

Kuhusu jaketi la kuokolea hakuna ubishi wa kitaalamu. Mtu aliyelivaa ipasavyo katika maji ya ziwa hili, ambayo si ya baridi kali, anaweza kuelea muda mrefu akisubiri msaada. Ubishi uko katika dhana kwamba amri ya kulivaa ni sawa na kulivaa. Aprili 2019, baada ya boti kuzama katika Ziwa Kivu na watu wengi kutoonekana, Rais Félix Tshisekedi aliagiza kwamba majaketi yawe ya lazima katika kila chombo. Mwezi uliofuata, Mei 2019, boti nyingine ilizama katika Ziwa Mai-Ndombe, karibu na Inongo, na miongoni mwa abiria wake walikuwamo walimu waliosafiri kwa ajili ya mishahara yao. Amri ilikuwa bado mbichi. Miaka mitano baadaye ilikuja Merdi.

Kanuni inayokaguliwa ufukweni tu hutimizwa ufukweni tu. Pale ambapo boti inaulizwa kama ina majaketi, si kama abiria wameyavaa, jaketi hugeuka kuwa hati ya kupitia: hufungwa fungu, huonyeshwa, na hubaki fungu. Boti yenye majaketi 50 na watu 120 inaweza kusemwa kwa ukweli kabisa kwamba inayo majaketi. Mtoto mchanga aliyefungwa mgongoni mwa mama yake hana lake, na jaketi la mtu mzima likivalishwa mtoto humponyoka kichwani anapogusa maji. Na hata jaketi bora kuliko yote limebuniwa kwa dhana kwamba kuna mtu anakuja kuokoa. Katika mwambao huu wanaokuja ni wavuvi walio karibu, kwa mitumbwi yao, bila kulipwa na bila kuagizwa na mtu. Ndio walewale ambao amri ya usiku ingependa wasiwepo majini.

Tano: barabara

Wapigania faini huzungumza kana kwamba watu wa Fizi wana mapenzi ya ajabu na maji. Barabara ya Taifa namba 5, ambayo katika ramani inaunganisha Uvira, Baraka na Fizi na kuendelea hadi Kalemie na Katanga, ingetosha kuwaeleza. Kati ya Uvira na Baraka hazifiki kilomita 100, lakini ni barabara inayokatwa na mito itokayo milimani, ambayo madaraja yake yakichukuliwa na maji ya masika huchukuliwa pamoja na wiki kadhaa za biashara. Ni barabara ya vizuizi, na mara kwa mara ni barabara ya risasi. Kusini ya Baraka hali ni ngumu zaidi. Wakazi wa Ubwari, rasi inayoifunga Ghuba ya Burton upande wa mashariki, hawana njia fupi ya kwenda sokoni au hospitalini isipokuwa ya maji.

Merdi nayo haieleweki bila barabara. Tangu mwanzoni mwa 2024 mapigano kati ya jeshi na waasi wa M23 yaliikata njia ya nchi kavu kati ya Goma na Minova kupitia Sake, na chakula chote pamoja na watu wote waliokuwa wakipita humo vikasukumiwa ziwani. Vyombo havikuongezeka kwa kiwango cha wahitaji. Siku ya msiba palitafutwa uzembe wa nahodha. Uzembe labda ulikuwapo, lakini watu 278 hawakuletwa bandarini na uzembe wa mtu mmoja. Walimu wa Mai-Ndombe vilevile hawakupelekwa majini na ukaidi. Faini ingeweza kutozwa boti yao mara kumi bila kuwasogezea mshahara hata hatua moja.

Kuna mfano wa hapo hapo Baraka unaoonyesha upande wa pili wa jambo hili, na inashangaza kwamba hautumiwi. Kuanzia Oktoba 2005, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilianza kuwarudisha Wacongo waliokuwa makambini mkoani Kigoma, Tanzania, kwa meli kuvuka ziwa hadi Baraka, na katika miaka iliyofuata makumi ya maelfu walirudi. Maji yalikuwa yale yale na pepo zile zile. Tofauti ilikuwa katika fedha: meli ilikodiwa kwa safari, si kwa kichwa cha abiria, na kila jina katika orodha lilikuwa limeshapangiwa nafasi, posho na mahali pa kupokelewa. Hapakuwa na mtu aliyenufaika kwa kuongeza abiria wa ziada. Mkimbizi alihesabiwa kwa uangalifu ambao mchuuzi wa kawaida hajawahi kuupata, na hakuhesabiwa hivyo kwa kuwa alikuwa mtiifu zaidi.

Orodha ya abiria, ambayo katika safari za kawaida huitwa manifesti, inaathiriwa vibaya na utawala wa faini. Maadamu kila jina la ziada linaweza kuzaa faini, mwandishi wa orodha ana sababu ya kuandika majina machache kuliko watu. Boti ikifika salama, uongo huo haumdhuru mtu. Isipofika, hakuna anayejua ni nani wa kutafutwa: serikali hutoa hesabu, walionusurika hutoa nyingine, vijiji hutoa ya tatu, na familia ambazo jina la mtu wao halikuandikwa hubaki zikithibitisha kwanza kwamba alisafiri ndipo zisikilizwe kwamba amekufa. Watu wanapodai faini kali kwa ajili ya heshima ya wafu, hawajui kwamba faini hiyo ndiyo iliyowafuta wafu kwenye karatasi.

Sita: nahodha na mwenye boti

Lipo swali moja ambalo hukumu ya uzembe haijawahi kuliuliza: nani alifaidika na abiria wa ziada? Nahodha hupata ujira. Mwenye boti, ambaye mara nyingi yuko mjini, hupata nauli. Wakala anayejaza chombo ufukweni hulipwa kwa kila kichwa na kila gunia. Mfanyabiashara mwenye shehena hupata nafasi ya mzigo wake juu ya sitaha, mahali pabaya kuliko pote, kwa kuwa uzito uliowekwa juu huinua kitovu cha uzani cha chombo na kukifanya kilale kwa urahisi kinapopigwa na wimbi la ubavuni. Boti inapozama, ni mmoja tu kati ya wanne hao aliyekuwa ndani. Huyo ndiye anayekamatwa, kama hakuzama na wengine.

Uingereza ya karne ya 19 ilipitia malumbano haya haya. Meli za mizigo zilikuwa zikijazwa kupita kiasi, nyingine zikiwa na bima iliyomfanya mwenyewe asiumie sana zinapozama, na baharia aliyekataa kupanda meli mbovu aliweza kufungwa jela kwa kuvunja mkataba. Yaani sheria ilikuwa kali sana, ila kwa upande usio na faida. Mbunge Samuel Plimsoll hakudai faini kubwa zaidi kwa manahodha. Alidai mstari upakwe ubavuni mwa kila meli, kuonyesha mwisho wa kuzama kwake kwa mzigo, ili mtu yeyote aliyesimama gatini, hata asiyejua kusoma, aone kama meli imezidi. Sheria ilipita 1876, na wenye meli wakaachiwa haki ya kuchagua wenyewe pa kuuchora mstari huo, ufisadi ambao hauhitaji kufafanuliwa kwa msomaji wa Congo. Ilichukua hadi 1890 kwa serikali kuwanyang'anya haki hiyo.

Congo inayo Sheria ya Urambazaji wa Mitoni na Ziwani tangu tarehe 14 Machi 1966, na inao makamishna wa ziwa. Kilichokosekana kwa boti za mbao za Baraka, Mboko na Kazimia hakihitaji sheria mpya: mstari mweupe ubavuni, uliopakwa na mkaguzi asiyelipwa na mwenye boti; kanuni kwamba boti ambayo mstari wake umezama haiondoki, hata ikilipa, mpaka watu na magunia yashuke; na dai la fidia linaloelekezwa kwa jina lililo katika hati ya umiliki badala ya jina la aliyeshika usukani. Abiria angeweza kuusoma mstari huo kabla hajatoa nauli yake. Mvuvi angeweza kuusoma akiwa mbali. Husemwa kwamba jambo hilo ni gumu kwa nchi maskini, lakini kopo la rangi si ghali kuliko faini moja. Ugumu wake uko kwingine: maji yakishaufunika mstari ambao kila aliye ufukweni anauona, mkaguzi na nahodha hawana tena kitu cha kujadiliana.